Anayelilia Jua Asichekwe

Kuna jambo moja ambalo sisi tuliobaki nyumbani hulichukulia kuwa mzaha, nalo ni kilio cha ndugu zetu waliohamia nchi za baridi. Mtu huandika barua, au siku hizi hupiga simu, akaeleza habari za kazi, masomo na watoto; kisha mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeona haya, husema kwamba amelikumbuka jua. Hapo sisi hucheka. Humwambia, "Umekwenda penye neema, nawe walilia jua?" Wengine humwona mdeko, na wengine humwona mtu asiyejua kushukuru.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kilio hicho si mdeko wala si utovu wa shukrani. Ni kilio cha mwili na cha utu. Tena kisipotiliwa maanani huweza kuleta maradhi, na mara nyingine kifo.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Uganda pamoja na majirani zetu. Wako waliofukuzwa nchini mwaka 1972. Wako waliokwenda kusoma wasirudi. Wako wauguzi, walimu na madereva waliofuata kazi. Tena wako ndugu zetu wa Kongo waliokaa miaka mingi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka, kisha wakapelekwa Marekani na Kanada kuanza maisha mapya. Ni vigumu leo kuupata ukoo mkubwa usio na mtu wake katika nchi ambako theluji huanguka. Yafaa basi tujue wanayoyapata huko, kwa maana wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

LUGHA YATUFICHA BARIDI

Kwanza tuitazame lugha yetu wenyewe. Kiswahili kimelelewa penye joto, na kwa hiyo kimeupa ubaridi sifa njema. Hasira ikimtoka mtu twasema amepoa. Anayepumzika baada ya kazi huburudika, na ngoma na nyimbo za jioni huitwa burudani, maneno ambayo asili yake ni moja na neno baridi. Kwa upande wa pili, ugomvi ukizidi twasema umepamba moto. Kipupwe kinapovuma pwani katika Juni na Julai, watu hujifunika shuka na kukishukuru. Katika fikira zetu, joto ndilo linaloudhi, na baridi ndiyo inayoliwaza.

Mtu aliyelelewa katika lugha kama hiyo akisikia kwamba aendako kuna baridi, haogopi. Hudhani ataongeza sweta moja tu. Hapa kwetu kipimo cha baridi ni Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako asubuhi ukungu hufunika mabonde na watu hutembea wamejikunyata. Lakini baridi ya Kabale ina adabu: jua likipanda, nayo hujiondokea. Kampala ndiyo kabisa, kwani tofauti baina ya mwezi wa joto zaidi na mwezi wa baridi zaidi haifiki nyuzi 3 za Selsiasi. Mwaka wetu wote ni kama siku moja iliyorudiwa, ikatengwa kwa mvua na kiangazi.

Sasa mfikirie mtu huyo amefika Winnipeg, katika Kanada, mji ambao wastani wa joto la Januari huwa zaidi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Maji yakiachwa nje hugeuka jiwe. Pumzi hugandamana juu ya masharubu. Masikio yasiyofunikwa huuma kana kwamba yamechomwa moto, na vidole visivyovikwa glavu huweza kufa ganzi na kuharibika kabisa. Hiyo si baridi ya kumburudisha mtu, na lugha yetu haikumwandaa kwayo.

SAA ZETU HAZIFAI HUKO

Hata hivyo, mtu akikaa na hao waliohama akawasikiliza kwa makini, hugundua kwamba si baridi peke yake inayowaumiza, bali ni giza. Jambo hili sisi tulio kwenye Ikweta hatulifikirii hata kidogo.

Sisi twahesabu saa kwa kufuata jua. Usiku ukiisha twaanza kuhesabu saa za mchana, na mchana ukiisha twaanza upya kuhesabu za usiku. Hesabu hiyo ni sahihi kwetu kwa sababu mchana na usiku hapa ni ndugu pacha: kila mmoja una saa 12, Januari hadi Desemba. Mjini Kampala jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kutua karibu na saa moja jioni, na tofauti ya mwaka mzima haizidi sana nusu saa. Ndiyo maana mkulima aweza kujua wakati kwa kutazama kivuli cha mti.

Ichukue hesabu hiyo uipeleke London katika Desemba. Jua huchomoza saa mbili asubuhi imekwisha pita, na hutua kabla ya saa kumi alasiri. Mchana wote ni saa nane kasoro kidogo, tena mara nyingi jua lenyewe halionekani kwa mawingu. Mtoto huenda shule gizani na kurudi utusitusi umeingia. Mtu anayefanya kazi ndani ya kiwanda huweza kumaliza juma zima asilione jua ila siku ya mapumziko. Kaskazini zaidi mambo huzidi: katika mji wa Tromsø, Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Neno alasiri likose maana, na magharibi ifike wakati ambao kwetu watu ndio kwanza wanatoka kwenye kivuli! Mtu aliyezoea kwamba jua ni ahadi isiyovunjwa hujiona kama aliyedanganywa na mbingu zenyewe.

MWILI NAO UNA MADAI YAKE

Msomaji huenda akasema kuwa hayo ni mambo ya mazoea, na kwamba mazoea hubadilika. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini sayansi imetuonyesha kwamba mwili una madai yake, na madai hayo hayaondolewi kwa ushujaa.

Mwaka 1976 daktari kijana aitwaye Norman Rosenthal alihama Johannesburg, Afrika ya Kusini, akaenda New York kujifunza tiba ya maradhi ya akili. Majira ya baridi yalipoingia aliona nguvu zake zimepungua na kazi zake zinamwelemea. Majira ya kuchipua yalipofika, nguvu zikarudi. Mwingine angejilaumu kwa uvivu. Yeye aliuliza sababu. Akafanya uchunguzi pamoja na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, na mwaka 1984 wakatangaza maelezo ya ugonjwa wa huzuni inayokuja na majira ya giza na kuondoka nayo. Anayeupata hulala sana asipumzike, hutamani vyakula vya wanga, huwakwepa watu, na hukosa furaha ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Walionyesha pia kwamba mgonjwa akiketi kila siku mbele ya taa yenye mwanga mkali sana huweza kupata nafuu. Kwa hiyo elimu hii ambayo leo inawasaidia hata Wazungu wenyewe ilifunuliwa na mtoto wa Afrika aliyelikosa jua la kwao.

Tena kuna habari ya mifupa. Mwili wa mwanadamu hutengeneza vitamini D kwa msaada wa mionzi ya jua inayopiga ngozi, na pasipo vitamini hiyo mifupa haikazi vizuri. Ngozi nyeusi ni ngao iliyoumbwa kwa ajili ya jua kali. Penye jua hafifu ngao hiyohiyo huzuia kile kidogo kinachopatikana, na mwenye ngozi nyeusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi kuliko mwenye ngozi nyeupe. Katika Uingereza, tangu Oktoba hadi Machi, jua huwa chini mno hata mionzi inayohitajiwa haifiki ya kutosha. Mtu naye amejifunika toka utosini hadi unyayoni. Atapata wapi?

Matokeo yalionekana wazi. Katika miaka ya 1960 na 1970, madaktari wa mji wa Glasgow waliwakuta watoto wa familia zilizotoka Bara Hindi wakiwa na mifupa laini na miguu iliyopinda matege, maradhi ambayo wengi walidhani yamekwisha kusahauliwa nchini humo. Mwaka 1981 ikaanzishwa kampeni maalumu ya kuyakomesha. Leo idara za afya za Uingereza huwashauri watu wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia ya Kusini wafikirie kumeza vitamini D mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Basi mama anayelia kwamba mtoto wake halioni jua, analia juu ya mifupa ya mtoto huyo, hata kama mwenyewe hana habari.

KILIO HIKI SI CHA LEO

Watu wetu walianza kulililia jua zamani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliondoka kwao mwaka 1866 na mwaka uliofuata akafika Hamburg, Ujerumani, akiwa mke wa mfanyabiashara Mjerumani na mwenye jina jipya la Emily Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ya ugenini. Aliandika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886, na barua nyingine zilizotolewa baada ya kufa kwake, na ndani yake upweke na baridi ya kaskazini havitenganiki. Alipofariki mwaka 1924 alizikwa Hamburg pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza. Huyo hakuwa maskini wala mjinga. Alikuwa bibi mwenye elimu aliyekaa Ulaya na nchi za Mashariki zaidi ya nusu karne.

Baadaye wakaja wanafunzi. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, kilipokea vijana wengi wa Afrika. Koti zito na kofia ya manyoya vilikuwa vitu vya lazima kwao kama vitabu.

Halafu ukaja mwaka 1972. Mnamo Agosti, Idi Amin alitoa amri kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Ndege ya kwanza ya waliohamishiwa Uingereza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba, na kwa jumla nchi hiyo ilipokea watu wapatao 28,000. Wengi wao walitiwa kwanza katika kambi za zamani za jeshi, kama Stradishall katika Suffolk na Tonfanau katika Wales, ambayo ilikuwa ufukoni mwa bahari penye upepo mkali. Akina mama wa huduma za hiari waliwagawia makoti na blanketi. Wengine zaidi ya 4,000 walichukuliwa kwa ndege maalumu hadi Montreal, Kanada, na kupokewa katika kambi ya jeshi ya Longue-Pointe.

Itazameni kalenda hiyo, ndugu wasomaji. Watu waliozaliwa Jinja, Mbale na Masaka walitolewa kwenye jua Septemba, Oktoba na Novemba, ndiyo miezi ambayo kaskazini mwanga hupungua kila siku. Walipoteza nyumba, duka, shamba na uraia, kisha kabla hawajapumua wakapoteza na mchana. Wanahistoria wameandika sana juu ya mali zilizobaki nyuma. Juu ya jua lililobaki nyuma wameandika kidogo, kwa sababu halikuandikwa katika hati yoyote.

KINACHOKOSEKANA NI BARAZA

Lakini yafaa tuulize swali hili: ikiwa nyumba za huko zina vyombo vya kupashia joto, hata ndani mtu aweza kuvaa fulana, kwa nini mtu bado aseme kwamba anaona baridi?

Jibu langu ni hili. Joto la nyumba hununuliwa, lakini maisha ya nje hayanunuliwi. Sisi maisha yetu mengi yako nje ya nyumba. Mama huchambua mchele mlangoni, huku akimjibu jirani salamu. Fundi cherehani hushona barazani, na wapiti njia humwagiza kazi. Wazee huketi chini ya mwembe wakaamua mashauri. Watoto hulelewa na uwanja mzima, kwani kila mtu mzima anayepita ana haki ya kuwakemea. Msiba ukitokea, watu huketi nje juu ya mikeka, na hakuna aliyehitaji mwaliko. Nyumba kwetu ni mahali pa kulala na kuweka akiba, na jamaa huishi mbele yake. Paa la maisha hayo yote ni hali ya hewa, ambayo haitozwi kodi.

Mpeleke mtu huyo penye theluji. Mlango umefungwa kwa ulazima, kwa maana ukiachwa wazi joto lililolipiwa hutoka. Jirani hupita mbio akiwa ameinamisha kichwa, uso umefunikwa na skafu. Hakuna anayesimama kuuliza habari za nyumbani na za watoto, kwani kusimama ni kuganda. Mgeni wetu akiyaona hayo hufikia uamuzi mmoja: watu hawa wanatuchukia. Yawezekana wako wanaomchukia, wala simtetei mbaguzi yeyote. Lakini mara nyingi aliyefunga mlango ule ni baridi. Juni ikifika, jirani yuleyule hutoa viti nje, huchoma nyama, hucheka kwa sauti na kuwasalimu wapitao. Aliyefika Novemba akawahukumu watu kabla ya Juni, amehukumu kesi baada ya kusikia shahidi mmoja.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba amelikumbuka jua, mara nyingi anasema, "Nimewakumbuka watu." Neno jua ni dogo, nalo limebeba baraza, uwanja, mwembe, salamu na sauti za watoto. Anayemcheka amesikia neno asisikie maana.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyependa kwenda ajilaumu mwenyewe. Nao nawajibu kwamba mkimbizi hakupenda, aliyefukuzwa hakupenda, na mtoto aliyebebwa mgongoni na wazazi hakuulizwa. Hata yule aliyependa, alipenda kazi au elimu. Hakusaini mkataba wa kutokukumbuka. Mtu huweza kushukuru kwa mkate aliopewa na bado akaukumbuka mhogo wa mama yake, wala hakuna mgongano.

Wengine watasema kuwa wako Waafrika waliokwenda kwenye baridi wakaipenda. Ni kweli. Tété-Michel Kpomassie wa Togo alisoma kitabu juu ya Greenland akiwa kijana, akaondoka kwao, akasafiri miaka mingi akifanya kazi njiani, na mwaka 1965 akafika huko kwenye barafu. Aliishi na wenyeji, akala vyakula vyao, akapanda sleji zinazovutwa na mbwa, na kitabu chake kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1981 kinasomwa duniani kote. Lakini Kpomassie alikwenda alikokutamani, kwa wakati aliouchagua, akijua anachokifuata. Habari zake zathibitisha kwamba baridi yaweza kupendwa. Hazithibitishi kwamba asiyeipenda ni dhaifu.

Tena mambo haya hayana rangi ya ngozi wala upande mmoja. Tangu mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kigezi kutoka vilima vyao vilivyobanana kwa wingi wa watu, ikawapeleka sehemu za chini kama Kinkizi, na baadaye Ankole na Toro. Hao walitoka penye baridi wakakuta joto, mbu na homa. Je, nani angethubutu kumcheka mzee wa Kigezi aliyeukumbuka ukungu wa vilima vyake? Kila mwili hukumbuka hewa iliyoulea.

MKAA NDANI YA NYUMBA NI KABURI

Sasa nafika kwenye jambo zito kuliko yote. Mtu aliyetoka kwetu akishikwa na baridi, mkono wake hutafuta dawa anayoijua, nayo ni jiko la mkaa. Kwetu jiko huwashwa uani au penye upenyo mwingi. Nyumba za nchi za baridi zimejengwa ili hewa isipite hata kwenye ufa. Mkaa ukiwaka ndani yake hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuizuia kuchukua hewa safi. Mtu huhisi kichwa kizito na usingizi, akilala, haamki.

Desemba 2006 tufani kubwa ilipiga jimbo la Washington, katika Marekani, na zaidi ya nyumba milioni moja zikakosa umeme katika baridi. Watu kadhaa walikufa kwa gesi hiyo na wengi wakakimbizwa hospitali, wahamiaji wakiwa sehemu kubwa miongoni mwao. Walikuwa wamewasha mkaa au jenereta ndani ya nyumba. Gazeti kubwa la Seattle lililazimika kuchapa onyo katika ukurasa wake wa kwanza kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwamo. Hao hawakufa kwa ujinga wa kujitakia. Walikufa kwa sababu walitumia maarifa ya nchi ya joto katika nyumba ya baridi, na hakuna aliyewaambia mapema. Wala tusidhani kwamba onyo hilo haliwahusu wa nyumbani. Nani asiyejua kuwa hata Kabale mtu huingiza jiko chumbani usiku wa baridi, akafunga dirisha?

WAJIBU WETU

Kwa hayo yote, naona kuna wajibu wa pande tatu.

Kwanza, wanaosimamia safari, yaani wizara, vyuo, makanisa, misikiti na mashirika ya wakimbizi, wawaambie watu ukweli kabla hawajapanda ndege. Kumpa mtu koti ni vema, lakini haitoshi. Aambiwe habari za giza, za vitamini, za mkaa, na za majirani wanaopotea Novemba na kurudi Juni. Tena aambiwe kwa lugha anayoielewa. Na mahali ambapo tarehe ya safari inaweza kuchaguliwa, watu wasafirishwe Aprili au Mei, mwanga unapoongezeka, ili wapate miezi kadhaa ya kuwajua majirani, njia na maduka kabla milango haijafungwa. Mwanafunzi hawezi kuchagua, kwa kuwa masomo ya huko huanza Septemba. Basi yeye ndiye anayestahili kuandaliwa zaidi.

Pili, walioko huko wasione haya. Mwenye huzuni inayorudi kila majira ya baridi amwendee daktari, wala asijiite mvivu. Atoke nje adhuhuri kila siku awezapo, hata kama kuna mawingu, maana mwanga wa nje siku ya mawingu hushinda kwa mbali mwanga wa taa za nyumbani. Tena wajitengenezee baraza za ndani: ukumbi wa kanisa au wa msikiti, chumba cha jamaa, chai ya Jumamosi, mahali ambapo mtu huingia pasipo mwaliko. Aliyetangulia ampokee aliyefuata, amwonyeshe namna ya kuvaa nguo mbili nyepesi chini ya koti badala ya moja nzito, na duka ambapo buti zapatikana kwa bei nafuu.

Tatu, na hili ni letu sisi tuliobaki, tuache dhihaka. Simu zetu nyingi hupigwa kuomba karo, mabati na nauli. Aliyeko mbali husikiliza yote, akatuma awezacho, akarudi gizani kwake. Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga. Lakini haifai methali hiyo iwe sheria yetu juu ya ndugu zetu. Tumpigie pia pasipo shida ya fedha. Tumtajie mvua imenyesha lini, embe zimeiva au bado, nani ameoa, na wazee wameketi wapi leo. Tumruhusu aisikie sauti ya uwanja, majogoo na watoto wakigombana. Hayo hayatugharimu kitu, na kwake ni sehemu ya jua analolililia.

Sisi hulikimbia jua kila siku adhuhuri, tukatafuta kivuli na kulilaumu kwa kutuchoma. Hiyo ni haki ya mwenye nacho. Lakini leo jioni, kabla halijatua, mmoja wetu na amkumbuke ndugu yake ambaye kwake limekwisha kutua muda mrefu, amsalimu, na amsikilize pasipo kucheka.